Kompyuta Haiendi Matanga

Mtanisamehe kwa mwandiko. Shule yangu iliishia darasa la nane, na tangu hapo kalamu nimeishika kwa kusaini tu. Herufi zangu zinalala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na r na l hunisumbua tangu utotoni. Mwalimu wenu ameahidi kusahihisha kabla ya kuwasomea. Kama bado kuna neno limevaa shati ndani nje, lisomeni hivyohivyo, mtanielewa.

Mimi ni Barasa, yule mliyeletewa darasani hapo chuoni Bungoma nikasimama mbele yenu nimeshika kofia kwa mikono miwili. Mwalimu alisema, "Huyu ni mstaafu wa kazi za kompyuta," mkacheka kwa sababu sina mvi hata moja. Mlikuwa na haki. Lakini kazi yangu ilizeeka kabla yangu, na sijui jina lingine la kujiita.

Kisha yule dada aliyekaa karibu na dirisha akainua mkono. "Bro, si kila mtu ako na simu siku hizi? Nani bado ananunua programu ya kompyuta ya mezani? Sisi tukisomea hiyo, tutakula nini?"

Nikaangalia viatu vyangu. Jibu lilikuwa kifuani, lakini mbele ya watu maneno yangu hurudi nyuma kama ng'ombe anayeogopa kupanda lori. Nikasema, "Nitawaandikia." Mkacheka tena. Tangu siku hiyo ninaandika jioni nikitoka shambani, mistari michache, halafu ninafuta.

Niseme mapema ninachotaka ili mkisoma msijiulize huyu anaelekea wapi. Kuna programu inaitwa Gorogoro, kama ule mkebe wa kupimia mahindi sokoni; inaandika kilichopimwa na ni cha nani, halafu inatoa risiti. Inakaa kwenye kompyuta za mezani katika stoo za nafaka na maduka ya mbolea, kutoka Kitale mpaka Malakisi, Naitiri na Cheptais. Mwenye kuiandika amesema msimu huu wa mahindi ukiisha ataiacha, isipokuwa apatikane mtu anayejua kuandika programu aibebe. Mimi sijui kuandika. Najua kuiweka, kuiamsha na kuibembeleza tu. Mmoja wenu anaweza. Naogopa kwamba hakuna atakayekubali, na pia naogopa kwamba mmoja atakubali, kisha nimwone akishinda na njaa kwa sababu ya barua yangu. Hofu hizo mbili zinalala na mimi kitanda kimoja.

Mwenye Gorogoro ni Madam Naliaka. Ofisi yake ilikuwa Kitale, juu ya duka la majembe. Aliniajiri kubeba makasha ya kompyuta ngazini, baadaye akaona sivunji vitu, akaanza kunituma kwa wateja. Siku ya kwanza kunifundisha hakunionyesha kibodi. Alinionyesha kitambaa.

Mnavijua, vile vitambaa vya kufuma kwa uzi, vyeupe vyenye maua pembeni. Sebuleni vinafunika viti na televisheni, na stooni vinafunika kompyuta. Madam akasema, "Ukifika, salimia kwanza. Halafu toa kitambaa polepole, kikunje, umpe mwenyewe mkononi. Usikitupe juu ya magunia. Hicho kitambaa ndicho kinakuambia mashine hii ina mwenyewe."

Nilidhani anatania, mpaka nilipoenda Malakisi kwa mama mmoja ambaye Gorogoro yake ilikuwa inazima kila siku saa za mchana. Vijana wawili walikuwa wamenitangulia, wakabadilisha hiki na kile, na bado ikazima. Nilipotoa kitambaa nikakuta kimefumwa kirefu mpaka nyuma, kimeziba pale mashine inapopumulia. Ilikuwa imevishwa sweta kwenye jua.

Sasa, ungemwambiaje mama aliyekaa msimu mzima akifuma? Mwishowe nikasema, "Mama, ni kizuri sana. Ila huyu mtoto anaumwa na joto. Unaweza kumfumia kaptura?"

Akacheka mpaka akashika mizani. Akafuma kingine kifupi, na mashine haikuzima tena. Tangu hapo, Madam alipouza programu alisema na kitambaa kipimwe.

Mambo kama hayo ndiyo ninayotaka kuwaachia, kwa sababu sijui yataandikwa wapi. Vumbi la mahindi huingia kwenye kibodi mpaka herufi zinakwama. Usipulize kwa mdomo, mate yatafanya uji. Tumia pampu ya baiskeli. Umeme ukipotea, usiwaambie wateja wangoje. Waambie wapange magunia, maana mtu anayepanga magunia hakasiriki. Na majina. Ukienda Naitiri utampokelea mahindi Wekesa, na nyuma yake Wekesa, na nyuma ya huyo baba yake Wekesa. Madam aliweka kwenye Gorogoro nafasi pana ya kuandika mtu anajulikana kama nani. Wekesa wa Posho Mill. Wekesa Mrefu. Wekesa Aliyerudi. Mkulima akiona jina lake la mtaani limetoka kwenye risiti ya mashine, anaikunja vizuri na kuiweka mfuko wa shati. Hapo umepata mteja.

Halafu akaja Kevo.

Sitaki mumchukie Kevo. Ni kijana mwerevu, ana mikono myepesi, na mara nyingi husema kweli. Alipoajiriwa alizunguka ofisi akiangalia yale makasha, akasema, "Madam, hii mambo ya mezani ilienda na wazee. Hata mama mboga ako na simu ya kugusa. Kampuni zote zimehamia huko. Sisi tunang'ang'ania nini?"

Madam akanitazama. "Barasa, wewe ndiye unazunguka. Unaona nini?"

Niliona kwamba stoo mpya zinazofunguliwa hazinunui kompyuta. Niliona zile za zamani zinazeeka, na mashine ikifa mwenyewe anafikiria sana kabla ya kununua nyingine. Niliona pia mwenye duka la mbolea hapo Bungoma, nilipomwuliza kama angependa Gorogoro mpya, akanishika bega kwa upendo kabisa. "Kijana, hii uliyoniwekea haijawahi kuharibika. Kwa nini ninunue tena?"

Fikirieni hilo jibu vizuri, ninyi mnaotaka kuuza programu. Yule mzee alikuwa ananisifu, na katika sifa hiyo alikuwa ananifukuza. Mtu wa kompyuta ya mezani ni mwaminifu kama mti. Hakuachi. Lakini pia hanunui tena.

Nikamjibu Madam, "Kevo anasema kweli."

Basi tukahama. Kevo akaandika Gorogoro ya simu, ikawa nzuri, inang'aa. Ile nafasi ya jina la mtaani aliitoa kwa sababu kioo ni kidogo. Mimi nikatumwa kuzunguka tena, safari hii kuwashawishi wateja waache mashine nilizowawekea mwenyewe.

Wa kwanza kukubali alikuwa Mama Chemutai wa Cheptais. Ana stoo kubwa pale mlimani, ananunua mahindi na maharagwe, na ana mfanyakazi mmoja anayeitwa Kibet. Mama alifurahi sana. "Kumbe naweza kupima nikiwa nimekaa pale nje kwa jua? Ati sikujua!" Akaichukua simu yake, Kevo akaweka programu, na kaprinta kapya kadogo ka risiti kakafundishwa kusikiliza simu hiyo peke yake. Kompyuta ikashushwa sakafuni chini ya meza, pamoja na printa yake ya zamani. Kitambaa wakakiacha juu yake, nadhani kwa heshima.

Kabla ya kushuka kutoka Cheptais siku hiyo niliinama chini ya meza, nikakinyoosha kile kitambaa.

Msimu wa kuvuna ukafika, na mvua ikakataa kwenda. Asubuhi moja Kibet akanipigia, sauti iko juu. "Barasa, kuja! Watu wamejaa hapa na Mama hayuko. Shemeji yake amekufa, ameenda matanga huko juu. Ameenda na simu!"

Nikauliza, "Si umpigie?"

"Inasema haipatikani. Huko hakuna mtandao, na moto wa simu pengine umeisha. Wewe kuja, kuna mawingu hapa."

Nikamwambia Madam. Akasema, "Nenda. Kevo, nenda naye." Tukapanda pikipiki moja, Kevo nyuma yangu akinung'unika njia nzima kwamba ataweka programu kwa simu ya Kibet na mambo yataisha kwa dakika.

Tulipofika, barabara mbele ya stoo ilikuwa imejaa punda na magunia. Wakulima wamesimama wameangalia mlima. Mlima wenyewe hauonekani, umefunikwa. Kibet alikuwa mlangoni na kipande cha kartoni na kalamu, anaomba.

"Nitaandika kwa mkono, Mama akirudi ataingiza."

"Wewe Kibet," mzee mmoja akasema, "karatasi ya mkono tulikula nayo hasara zamani. Mimi nataka ile ya mashine, iseme Ndiwa wa Mtoni. Kuna Ndiwa wengine hapa."

"Mzee, mvua inakuja!"

"Naiona. Nimezaliwa hapa."

Kevo akanyoosha mkono. "Kibet, leta simu yako." Kibet akatoa kasimu kadogo ka tochi, kale kanakofungwa kwa mpira. Kevo akakaangalia kama mtu aliyepewa jiwe badala ya mkate. Akajaribu simu yake mwenyewe, lakini hiyo haikuwa na majina wala bei za Mama Chemutai, na kale kaprinta kalikataa kabisa kumsikiliza. Matone ya kwanza yakaanguka juu ya bati.

Nikapiga magoti chini ya meza. Kompyuta ilikuwepo, na juu ya kitambaa alikuwa amekaa kuku, anaatamia mayai, macho yake yananiambia nisithubutu. Nikathubutu. Alinidonoa mpaka damu ikatoka. Kibet akambeba na mayai yake, na kitambaa chote, akamweka kwenye karai.

Tukainua mashine mezani. Haikuwa na waya wa umeme, mtu alishauchukua. Nikapapasa chini ya meza na nyuma ya magunia, sikuupata. Nje mvua ilikuwa imeanza kweli, na wakulima walikuwa wanavua makoti yao kufunika magunia.

Ni Kevo aliyekimbia. Alivuka barabara mpaka kwa jirani mwenye mashine ya kutoa kopi, akarudi ameloa chapachapa na waya shingoni. "Jaribu huu, ni sawasawa!" Nikauchomeka. Hakuna. Nikapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli ya Kibet, nikajaribu tena. Ile feni ikaguna, ikakohoa, ikazunguka. Kioo kikawaka polepole, na Gorogoro ikajitokeza kama ilivyokuwa siku tuliyoishusha sakafuni, na majina yote ndani yake. Ndiwa wa Mtoni alikuwepo, na ile printa ya zamani ikamtolea risiti yake.

"Imeamka!" Kibet akapiga kelele, na watu wakaanza kubeba. Nilipokea mahindi mpaka vidole vikafa ganzi. Kevo alisimama nje ameshika ncha ya turubai pamoja na wakulima, anafunika magunia ambayo hayajafikiwa, na mvua inampiga usoni.

Lakini si yote yaliyoingia kavu. Kulikuwa na mwanamke kijana mwisho wa foleni, hakuwa na koti wala mtu wa kumsaidia. Zamu yake ilipofika, Kibet aliingiza mkono ndani ya gunia, akautoa umelowa, akatikisa kichwa. Yule mwanamke hakulia wala hakutukana. Alimgeuza punda wake tu, akashuka. Wengine walikuwa wananipongeza, na mimi nilikuwa nikimtazama yeye. Bado ninamwona akishuka.

Mama Chemutai alirudi baada ya mazishi. Tulikuwa tumepanda tena kuangalia mashine. Kitu cha kwanza alichosema mlangoni ni, "Nani ametoa kuku wangu?"

Kibet akamweleza kila kitu. Mama alikaa juu ya gunia, leso ya matanga bado imefungwa kichwani, simu iko mkononi.

Kevo akasema taratibu, "Mama, tunaweza kununua simu nyingine, ikae tu hapa stooni."

"Ikae?" Mama akamwangalia. "Mwanangu, simu gani uliwahi kuona inakaa? Kibet ataenda nayo kuangalia mpira. Ikiisha moto itapelekwa kwa kinyozi kuchajiwa. Siku ya tatu ni ya mtu." Kibet akatazama dari. "Hii ni yangu. Ikilia, ni mimi nimeitwa. Nikiwa kanisani nimeizima. Nikienda matanga, imeenda matanga. Lakini hiyo," akaonyesha kompyuta kwa kidevu, "ni ya stoo. Haina shemeji."

Kevo akacheka, mimi nikacheka, tukapanda pikipiki kurudi Kitale.

Ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo Madam alirudisha kila kitu mezani na tukaishi vizuri. Haikuwa hivyo. Alisikiliza habari yote ameshika shavu, kisha akasema, "Mama Chemutai ana haki. Na Kevo ana haki. Wanaohitaji mashine ya mezani wanaihitaji kweli, lakini ni wachache na wanazeeka pamoja nayo. Mimi pia ninazeeka nayo. Macho yangu hayawezi tena kuandika usiku kucha kila mara kampuni kubwa za ng'ambo zinapobadilisha programu zinazoendesha kompyuta." Akamwachia Kevo upande wa simu. Upande wa mezani akasema utakaa wazi mpaka mwisho wa msimu huu. Atampa Gorogoro yule atakayekubali kuitunza, bila masharti. "Usipopata mtu, Barasa, tutazima taa taratibu, na tutawaambia watu mapema. Hatutawashtukiza."

Ndivyo nilivyostaafu, maana hapakuwa tena na mashine mpya za kuweka. Niko nyumbani huku Tongaren, ninapanda sukuma wiki na vitunguu. Simu yangu bado inalia, maana wateja hawajui kustaafu kwangu ni nini.

Sasa, dada wa dirishani, swali lako. Kompyuta ya mezani bado ni soko? Nikikujibu kwa haraka nitakudanganya. Kwa kampuni kubwa inayotaka watu wengi wanunue leo na wanunue tena kesho, naona si soko. Wamekwenda walikokwenda, na siwalaumu. Lakini kuna kazi ambazo si za mtu, ni za mahali. Mizani haiondoki na mtu, wala stoo. Mahali kama hapo panataka mashine inayobaki, anayekuja asubuhi aikute pale alipoiacha. Mtu mmoja au wawili, wakiwa na subira, wakiomba malipo ya kuitunza kila msimu badala ya kuuza mara moja na kusahauliwa kama tulivyofanya sisi, nadhani wanaweza kula hapo. Nadhani. Nimeliandika neno hilo na kulifuta, nimelirudisha, kwa sababu ndilo la kweli. Hakuna mtu aliyejaribu njia hiyo huku kwetu, na mimi siwezi kuwajaribia.

Na mkichagua simu, chagueni bila aibu. Ila mkifika mahali pa kuandika jina, acheni nafasi pana.

Nilikuwa nimepanga kumaliza hapo. Lakini leo asubuhi nikiwa shambani Kibet amepiga. Mashine imewasha kioo cha buluu, ina maneno ambayo hajawahi kuyaona. Amenisomea herufi moja moja kwenye simu, nami nimeziandika nyuma ya mfuko wa mbegu. Sizielewi. Pampu haitasaidia hapa, wala waya wa jirani. Hili linataka mtu anayejua Gorogoro ndani, na macho ya Madam yamechoka. Mahindi ya mwisho ya mlimani yanaanza kushuka wiki hii.

"Nifanye nini?" Kibet akaniuliza.

Nikamwambia aizime, aifunike na kile kitambaa, angoje.

"Ningoje mpaka lini?"

Nikamwambia kuna watu nimewaandikia.

Basi nijibuni. Mwachieni mwalimu barua, atanifikishia. Kama jibu ni hapana, andikeni hapana, nami nitapanda Cheptais kumwambia Mama Chemutai ana kwa ana. Kama ni labda, andikeni labda, na mnitajie ni kitu gani kinawaogopesha, pengine ninakijua. Ila msikae kimya, tafadhali. Andikeni hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu, kabla Kibet hajapiga tena.